Adabu na Ulimi: Toka Ukumbi wa Kaloleni Mpaka Chuo Kikuu

Abiria atokaye mjini Nairobi kwa matatu ya Barabara ya Jogoo, akiisha kuupita uwanja wa City, huwa amefika Kaloleni, mtaa wa Eastlands, yaani upande wa mashariki wa jiji, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na ndani yake mna ukumbi ambao kwa umbo haumshangazi mtu, ila kwa taarikh yake unastahili heshima. Humo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya umati akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili bila kuchelewa. Kabla ya majuma manne kutimia alikuwa mikononi mwa polisi pamoja na mwenzake Fred Kubai, naye hakuachiliwa ila Oktoba 1961, baada ya miaka 11 na ushei. Wala hakuwa amemtupia mtu jiwe.

Nimeanzia Eastlands makusudi, maana kisa cha wanafunzi wa vyuo vya umma na uhuru wao wa kunena aghalabu husimuliwa kana kwamba kilizaliwa chuoni, ilhali desturi ya kumwadhibu msemaji kwa jina la nidhamu ilikuwapo kabla chuo hakijajengwa, na waliourithi utawala waliirithi pamoja nao.

Januari 1969 serikali ilimkataza Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, asiwahutubie wanafunzi wa Chuo cha Nairobi. Wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa, na mwalimu mmoja, Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye siku hizo akiitwa James Ngugi, akajiuzulu kwa kuchukizwa na jinsi uhuru wa wasomi ulivyodharauliwa. Mwaka uliofuata chuo hicho kikawa Chuo Kikuu kamili, na Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Mkuu wake, utaratibu uliodumu hata mwaka 2003. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeikosoa serikali aliweza kuhesabiwa, kwa neno lile lile moja, kuwa amemvunjia adabu mkuu wa chuo chake. Alipouawa mbunge J. M. Kariuki, Machi 1975, kumbukumbu ya kifo chake ikawa kwa miaka kadhaa ni siku ya maandamano ya wanafunzi na marungu ya polisi.

Msiba mkubwa zaidi ulikuja tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga, ambao kambi yao mojawapo ilikuwa Eastleigh, katika Eastlands yetu hii, walijaribu kuipindua serikali, na baadhi ya wanafunzi wakatoka kuwashangilia. Chuo Kikuu kikafungwa zaidi ya mwaka mzima. Tito Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, SONU, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa uchochezi, akafia gerezani mwaka 1988. Na mwanafunzi mwenzake, David Onyango Oloo, akapewa miaka 5 kwa ajili ya insha aliyokuwa ameiandika kwa mkono wake. Wenzao walirudishwa makwao wakaamriwa wawe wakiripoti kwa chifu, hata kijana aliyeondoka Bahati au Makadara kwa vigelegele vya majirani akajikuta amesimama mbele ya ofisi ya chifu wa mtaa ule ule, kama mshukiwa.

Toka 1984 hadi 1990 aliyeteuliwa kuingia chuo kikuu cha umma alipitishwa kwanza katika mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, ili atiwe adabu kabla ya kutiwa elimu. Walakini tarehe 10 Februari 1985, siku ya Jumapili, wanafunzi waliokuwa wakilalamikia kufukuzwa kwa wenzao walikusanyika uwanjani mwa chuo kwa sala, wakatawanywa na polisi kwa nguvu iliyoleta mauti. Na Novemba 1987 mwenyekiti mwingine, Wafula Buke, alikamatwa, SONU ikapigwa marufuku, naye akafungwa miaka 5.

Insafu hutaka tuseme pia kwamba mawe yalirushwa kweli. Muuza duka aliyevunjiwa kioo na dereva wa matatu aliyepasuliwa gari hawakuwa na hatia yoyote katika ugomvi wa chuo na serikali, na hakuna chuo kiwezacho kuishi bila kanuni za mwenendo. Lakini kanuni zetu, kila zilipokazwa siku ya pili ya khofu, ziliweka jiwe na neno katika mizani moja, na mara nyingi neno ndilo lililoonekana zito.

Sheria ya nchi imekwisha kuvitenga vitu hivyo viwili. Kosa la uchochezi dhidi ya serikali liliondolewa mwaka 1997, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 33, ikaulinda uhuru wa kunena, isipokuwa kwa mambo kama uchochezi wa fujo na matamshi ya chuki. Ibara ya 37 ikaulinda uhuru wa kuandamana kwa amani. Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa Aprili 2016 wa SONU, iliyokuwa imefufuliwa, kufuatwa na fujo na chuo kufungwa, Sheria ya Vyuo Vikuu ilirekebishwa mwaka ule ule, wanafunzi wasiwachague tena viongozi wao moja kwa moja bali kwa kupitia wajumbe. Mshindi wa uchaguzi ule, Babu Owino, mwaka uliofuata alichaguliwa na watu wa Embakasi Mashariki kuwa mbunge wao. Mlango ulipofungwa chuoni, wa Eastlands ulikuwa wazi.

Basi mzazi wa Jericho, wa Kayole au wa Umoja, ambaye mwanao ameitwa chuoni na kuletewa karatasi ya kanuni aitie sahihi, keti naye mezani muisome yote. Kifungu kinachokataza jiwe, mwambie akitii kwa moyo mmoja. Kifungu kinachokataza neno, aulize kimetoka wapi, na aulize kwa adabu.