Gari la Moshi Juu ya Meza ya Fundi

Watu wengi hudhani kwamba chombo kidogo ni kivuli cha chombo kikubwa: kwamba kwanza ulikuwako mtambo mkubwa, kisha watu wenye nafasi wakauiga kwa udogo ili kujifurahisha. Kwa gari la moshi, dhana hiyo ni kinyume cha mambo yalivyokuwa. Gari la moshi lilikuwa dogo kabla ya kuwa kubwa, na lilitembea sakafuni mwa nyumba kabla ya kutembea juu ya reli. Insha hii yataka kueleza jinsi ilivyokuwa, na kwa nini habari hiyo yamhusu kijana wa Chaani, ambaye hukua karibu na reli ipandayo bara kutoka Mombasa kupitia Changamwe.

Habari yenyewe yaanza Scotland, katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Chuo kilikuwa na kielelezo kidogo cha mtambo wa mvuke wa Newcomen, wa aina iliyotumika siku zile kuvuta maji kutoka migodini. Silinda yake ilikuwa na kipenyo cha inchi 2 tu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 na 1764 kilipewa James Watt, fundi wa vyombo vya elimu, akitengeneze. Watt alipomaliza aliona jambo la ajabu: mtambo ulikwenda mapigo machache, kisha mvuke ukaisha, ingawa mitambo mikubwa ya aina ileile ilifanya kazi mchana na usiku. Fundi mwingine angalisema kwamba kitu kidogo hakina nguvu, akakirudisha rafuni. Watt alitaka kujua mvuke ulikwenda wapi.

Jibu limo katika hesabu ambayo kila mwanafunzi aweza kuifanya. Chukua mchemraba wenye urefu wa futi 8 kila upande. Ujazo wake ni futi 512 za ujazo, na eneo la nyuso zake zote ni futi 384 za mraba. Sasa chukua mwingine wenye urefu wa futi 1. Ujazo wake ni 1, lakini eneo lake ni 6. Mchemraba mdogo, kwa kadiri ya ujazo wake, una uso mwingi mara nane kuliko ule mkubwa. Na joto hupotelea kwenye uso. Silinda ndogo ya Glasgow ilipoteza joto upesi, kwa sababu kila pigo liliipoza kwa maji, na pigo lililofuata lilipaswa kuipasha moto upya. Upotevu huo ulikuwamo hata katika mitambo mikubwa, ila haukuonekana waziwazi. Mwaka 1765 Watt akapata fikira ya kuupoza mvuke katika chombo cha kando, ili silinda ibaki na moto wake daima. Mtambo mdogo ndio uliofichua ila ya mtambo mkubwa.

Baada ya hapo likaja swali la kuufanya mvuke utembee. Mwaka 1784, huko Cornwall, William Murdoch, aliyekuwa akiwatumikia Watt na mwenzake Boulton, aliunda kigari cha magurudumu matatu chenye taa ya spiriti chini ya bwela, yaani chombo cha kuchemshia maji. Kigari hicho kilijiendesha chenyewe. Wakubwa wake hawakumtia moyo, naye hakuendelea kukikuza. Lakini Richard Trevithick, mwenyeji wa jimbo hilohilo, aliunda vielelezo vyake mwishoni mwa karne ile, na mwaka 1801 akaendesha gari kubwa la mvuke barabarani. Tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren katika Wales, mtambo wake ulivuta juu ya reli tani 10 za chuma na watu wapatao 70, mwendo wa zaidi ya maili 9. Hilo ndilo gari la moshi la kwanza la reli kuvuta mzigo duniani.

Kisa kingine kinatoka Japani, na nafikiri ndicho chenye mafunzo makubwa zaidi kwetu. Mwaka 1853 Warusi walifika Nagasaki na gari la moshi dogo, wakaliendesha mbele ya wenyeji. Mwaka uliofuata Wamarekani, chini ya Commodore Perry, walileta jingine, lenye kipimo cha robo ya gari la kawaida, pamoja na reli ya kulizungusha. Maofisa wa Kijapani, kwa kuwa hawakuweza kuenea ndani ya behewa, waliketi juu ya paa lake wakizunguka huku kanzu zao zikipepea. Wageni walicheka na kuandika habari hiyo kama kichekesho. Lakini katika milki ya Saga hapakuwa na kichekesho. Mafundi wake, miongoni mwao Tanaka Hisashige, walikuwa wameazimia kuunda la kwao, na kufikia mwaka 1855 kigari chao cha mvuke kilikuwa kikitembea. Hawakukinunua, walikata shaba, wakakereza magurudumu, wakaunganisha mabomba kwa mikono yao.

Tazama yaliyofuata. Reli ya kwanza ya Japani, kati ya Tokyo na Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1872, na mitambo yake ilitoka Uingereza. Mwaka 1875 Tanaka alifungua karakana Tokyo, ambayo ndiyo shina mojawapo la kampuni inayojulikana leo kwa jina la Toshiba. Mwaka 1893 gari la moshi kubwa la kwanza kuundwa Japani lilitoka katika karakana ya Kobe, chini ya usimamizi wa Mwingereza mmoja, Richard Francis Trevithick, mjukuu wa yule Trevithick wa Cornwall. Tangu kigari cha mezani hadi mtambo wa kuvuta mabehewa ilipita miaka chini ya 40.

Sasa na turudi pwani yetu. Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilianza kutandika Mombasa reli nyembamba, ya upana wa futi 2, ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Zilitandikwa maili chache tu, kazi ikakoma. Baadaye, katika kisiwa cha Mombasa, reli nyembamba za namna hiyo zilipitisha matoroli ya abiria: bwana aliketi juu ya benchi chini ya kitambaa cha kivuli, na watu wakamsukuma kwa mikono. Kwa hiyo hata kwetu reli ndogo ilitangulia, lakini juu ya matoroli hayo nguvu ilikuwa ya misuli ya wanadamu, na aliyesukuma hakujifunza lolote juu ya mvuke.

Reli kubwa ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Ilivuka kwenda bara kwa daraja la muda la mbao, ikapanda kupitia Changamwe, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwa la Nyanza mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 kati yao walifariki. Mitambo ilikuja kwa meli kutoka India, Uingereza na Marekani, ikiwa imekwisha kubuniwa na kuundwa. Mafundi wa huku waliifunga, waliiendesha na kuitengeneza kwa ustadi ambao haufai kudharauliwa. Lakini hawakuitwa kamwe kuibuni.

Mitambo mashuhuri kupita yote ilikuwa ya aina ya Garratt, daraja la 59. Aina hii ilianza kwa udogo pia: Garratt mbili za kwanza, zilizoundwa Manchester mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania, zilikuwa za reli ya futi 2. Zile za daraja la 59, ambazo ziliundwa 34 katika miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa futi 104, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Hapakuwa na nyingine kubwa kama hizo katika reli za upana wa mita moja. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi hadi zilipoondolewa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa zimekwisha kazi. Iitwayo Mount Gelai imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi.

Mtu akitaka kuunda mtambo huo kwa kipimo cha sehemu moja ya nane, urefu wake utakuwa futi 13. Je, uzito nao utakuwa sehemu moja ya nane? La. Uzito hufuata ujazo, nao hugawanywa kwa 512. Kwa hiyo utapata karibu nusu tani. Na mabomba ya moto yaliyo ndani ya bwela hayawezi kupunguzwa kwa kipimo kilekile, kwani yatakuwa membamba mno, moshi hautapita, na masizi yatayaziba upesi. Fundi hana budi kuweka mabomba machache yaliyo mapana zaidi kwa kadiri yake. Huko Uingereza, ambako gazeti la waunda mitambo midogo lilianzishwa mwaka 1898, jambo hili lilizusha mabishano makali katika miaka ya 1920. Wengine walishikilia kwamba bwela dogo halifai ila kwa taa ya spiriti. Lawrence, aliyeandika kwa jina la LBSC, alidai kwamba laweza kuwashwa makaa kama lile kubwa, likavuta watu wazima. Aliunda mtambo wake, akauwasha, watu wakaketi nyuma yake ukawavuta. Hapo maneno yakaisha.

Kazi hii yataka vyombo ambavyo havipungui katika karakana za jua kali: jiliwa, tupa, keekee, na mashine ya kukereza. Yataka zaidi subira na ukweli. Pistoni iliyo pana kuliko inavyopaswa itakwama. Iliyo nyembamba itavujisha mvuke. Wala hakuna rangi ya kuuficha uvujaji. Bwela ndilo lenye hatari. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi mara 1,600 hivi ya ile yaliyokuwa nayo, na bwela lililopasuka huua. Ndiyo sababu fundi mwenye busara hulijaribu kwanza kwa maji baridi, akiyashindilia kwa pampu hadi mara mbili ya nguvu itakayotumika. Likipasuka kwa maji baridi litatoa matone tu. Lehemu iliyofanywa kwa haraka hujulikana siku hiyo. Kijana asithubutu kuwasha bwela ambalo mjuzi hajalikagua.

Huenda mtu akauliza faida ya kujifunza mvuke ilhali treni za siku hizi zaendeshwa kwa dizeli na umeme. Jibu liko Olkaria, ambako tangu mwaka 1981 mvuke unaotoka chini ya ardhi huzungusha mitambo itoayo umeme wa Kenya. Mvuke haukufa, umehama kutoka relini. Joto, shinikizo na uso upozao, mambo aliyoyatafakari Watt, ndiyo yanayotafakariwa na wahandisi wa Olkaria.

Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, na kituo chake cha Mombasa kimewekwa Miritini, si mbali na Chaani. Vichwa vyake vya treni vilikuja kwa meli kutoka Uchina, vikiwa tayari, kama vilivyokuja vile vya zamani. Simlaumu mtu kwa hilo. Nchi nyingi hununua kabla ya kuunda, na Japani ilinunua pia. Tofauti ni kwamba Wajapani waliponunua, walikuwako miongoni mwao watu ambao walikuwa wamekwisha kuunda kidogo chao, nao wakajua maswali ya kumwuliza muuzaji. Mwulizaji wa namna hiyo hapatikani kwa kutazama treni ikipita. Hupatikana mahali penye jiliwa na tupa, mbele ya silinda ya inchi 2 ambayo haitaki kwenda, naye hakubali kuiacha mpaka ajue kwa nini.