Kiasi cha Bunduki: Maelezo juu ya Silaha ya Risasi 15 Iliyoonyeshwa Manyema Mwaka 1876

Katika maneno ya silaha yaliyohifadhiwa na kamusi za zamani za Kiswahili, liko moja ambalo leo halisikiki sana kwa maana hiyo, nalo ni kiasi. Asili yake ni Kiarabu, qiyas, yaani kipimo. Mtu wa pwani aliyemiliki bunduki ya kushindilia kwa mdeki alipima baruti yake kwa kila mlio, na kipimo hicho ndicho kilichokuwa kiasi. Baadaye zilipofika bunduki zinazotiwa risasi kwa nyuma, baruti na donge la risasi vikiwa vimefungwa pamoja katika ganda moja la shaba, jina lilihamia kwenye ganda hilo. Na bunduki yenyewe ikaitwa bunduki ya viasi, ili ipambanuliwe na ya mrao, ya gumegume na ya fataki. Nataka kuonyesha kwamba jina hili ni sahihi kuliko walivyodhani walioliandika katika kamusi, na kwamba linatusaidia kufahamu kisa kimoja mashuhuri katika maandishi ya lugha yetu.

Kisa hicho kimo katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Maandishi hayo yalitolewa kwanza na Heinrich Brode huko Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, kisha W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mwaka 1958 na 1959. Mwandishi anaeleza jinsi alivyokutana na H. M. Stanley huko Manyema mwaka 1876. Mgeni akamwambia kuwa anayo bunduki itoayo risasi 15. Tippu Tip akauliza kama zinatoka katika mtutu mmoja, akajibiwa kuwa ni mmoja. Akaomba ipigwe aone. Stanley akasema ni afadhali atoe riale 20 au 30 kuliko kupiga hata moja. Hapo mwenyeji akaamua moyoni kwamba anadanganywa, naye akatunga lake: akasimulia habari za upinde urushao mishale 20 kwa mara moja. Kusikia hivyo Stanley alitoka nje akapiga risasi 12, kisha akachukua bastola akapiga 6.

Wasomaji wengi hukicheka kisa hiki na kupita. Kweli kinachekesha, na hapana shaka mwandishi alikusudia hivyo. Walakini swali halijaulizwa vya kutosha: kwa nini mtu mwenye bunduki ya ajabu aone uchungu kuipiga mbele ya tajiri ambaye alihitaji sana msaada wake? Riale 20 si fedha ndogo. Jibu, kwa maoni yangu, limo katika namna bunduki ile inavyolishwa.

Silaha za jinsi hii zilitoka Marekani. Ya kwanza iliyopata sifa ni ile ya Henry ya mwaka 1860, ikafuatwa na Winchester ya 1866, kisha ya 1873. Zote zina wenzo chini ya mwili wa bunduki, ambao ni pia kinga ya kifyatulio. Viasi hulala mmoja nyuma ya mwingine ndani ya mwanzi wa chuma ulio chini ya mtutu, na springi huvisukuma kuelekea kwa mpigaji. Wenzo ukishushwa, komeo hurudi nyuma na kulivuta ganda tupu. Kisha kijisanduku kilichopokea kiasi kipya hupanda wima mpaka kuelekeana na mtutu. Wenzo ukirudishwa, komeo hukisukuma kiasi ndani na bunduki iko tayari. Mpigaji aliyezoea hufanya yote hayo kwa muda wa pumzi moja.

Sasa tazama jambo lililo muhimu. Katika bunduki hizi tatu hakuna kizuizi cha pekee kinachosimamisha kiasi cha pili kisiingie katika kijisanduku. Kizuizi ni urefu wa kiasi cha kwanza chenyewe. Kikiwa na urefu wake halisi, kitako chake hugusa nyuma na ncha yake huishia pale pale mwanzi unapoanza, basi cha pili hubaki mahali pake. Kikiwa kifupi, ncha ya cha pili hujipenyeza katika nafasi iliyobaki, na kijisanduku hakiwezi kupanda. Kikiwa kirefu, mwisho wake hubaki ndani ya mwanzi, na kijisanduku hukwama vile vile. Bunduki nzima, pamoja na ustadi wote uliotiwa ndani yake, inasimama kwa sababu ya upungufu usiofika unene wa ukucha. Aliyeiita risasi yake kiasi alisema kweli tupu, hata kama alifikiria baruti tu.

Zilikuwapo na taabu nyingine. Mwanzi wa Henry ulikuwa na upenyo wazi kwa chini, na mchanga na majani yaliingia. Winchester ya 1866 ilifunga upenyo huo na kuweka mlango mdogo ubavuni wa kutilia viasi. Mwanzi ukibonyea, springi haisukumi. Mwenye haraka asiyeufikisha wenzo mwisho wake huacha ganda tupu ndani. Lakini haya fundi mwenye subira aliweza kuyatengeneza. Viasi vikiisha, fundi hana la kufanya. Viasi vya Henry na vya Winchester ya 1866 vilikuwa na dawa ya kulipuka ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo ganda likishapigwa halikufaa tena. Vile vya 1873 vilikuwa na kifataki katikati ya kitako, na mwenye vyombo aliweza kuvijaza upya, mradi apate vifataki hivyo, na mradi donge lake liwe na umbo na urefu ule ule, la sivyo tunarudi kwenye kukwama.

Linganisha na gobori. Mwenye gobori akiishiwa na risasi hutia vipande vya chuma au vijiwe, na baruti ilipatikana kwa wafanya biashara wa misafara yote. Haichagui chakula. Stanley mwenyewe alilijua hilo: katika safari ya kumtafuta Livingstone, mwaka 1871, alichukua Winchester moja na Henry moja, na pamoja nazo bunduki 24 za gumegume kwa ajili ya watu wake.

Basi pale Manyema, mamia ya maili kutoka pwani, kila mlio ulikuwa ni kiasi kimoja kisichoweza kununuliwa sokoni kwa riale wala kwa pembe. Tippu Tip, ambaye jina lake yeye mwenyewe alilieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake, alikuwa amezoea silaha ambazo kuzipiga kwa kuonyesha si hasara kubwa. Kwa ujuzi huo, anayekataa kupiga ni mwongo. Stanley alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Kwa hiyo sioni kwamba mmoja alikuwa mjinga na mwingine mwerevu.

Hesabu hiyo ilionekana tena mwaka 1887, katika safari ya kumwokoa Emin Pasha. Stanley alichukua Winchester 50 na viasi vyake 50,000, yaani 1,000 kwa kila bunduki, kando ya bunduki za Remington zilizotolewa na serikali ya Misri. Tippu Tip aliahidi wapagazi 600. Katika ugomvi uliofuata baina yao, neno moja lililorudiwa lilikuwa baruti na fataki za watu hao: nani alipaswa kuzitoa, na kama zilitolewa. Hapo tena gobori na Winchester zilikuwa katika safari moja, kila moja na njaa yake.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 uliigeuza tofauti hii kuwa sheria. Silaha za shabaha zilizuiwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa nafasi zaidi. Waliotunga masharti hayo walijua kwamba anayeshika mlango wa viasi hana haja ya kumnyang'anya mtu bunduki.

Leo askari husema risasi kwa kitu kizima, ganda, baruti na donge, ingawa asili ya neno hilo kwa Kiarabu ni jina la madini; na kiasi kimerudi kwenye mizani ya muuza mchele. Mtafiti anayesoma maandishi ya karne ya 19 akikuta viasi vimetajwa pamoja na bunduki, asifanye haraka kuandika pembeni kwamba maana yake ni idadi.