Kwinini ya Amani

Kule Amani, milima ya Usambara, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda mikwinini. Vita ilipozuka 1914, meli za Waingereza zikaziba bahari, dawa za Ulaya zikakatika. Basi watafiti wakawa watengeneza kwinini ya jeshi. 1916 Amani ikatekwa. Porini, jeshi likaanza kuchemsha magome ya mkwinini. Maji yake machungu wakayaita Lettow-Schnaps, yaani pombe kali ya Lettow, kamanda wao. Utani wa hovyo, ila dawa ilikuwa dawa.

Nikisoma wanaosifia akili hiyo, najiuliza: mpagazi naye alipimiwa kikombe? Huku kwetu Usukumani walichukuliwa wanaume kubeba mizigo. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi kuliko risasi.