Malungu ya Ufipa na Uigaji wa Viwanda: Mwandishi wa Programu Aanze na Upi?

Katika nyanda za juu za Ufipa, kabla chuma cha kuagizwa hakijaiua kazi hiyo katika zama za ukoloni, jembe lilipitia matanuru mawili. La kwanza ni ilungu, mnara wa udongo wenye kimo cha takribani mita 3, uliotobolewa matundu chini ili hewa iingie yenyewe. La pili ni kintengwe, tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto, ambamo chuma kichafu kilisafishwa kabla ya kumfikia mhunzi. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameichunguza historia hiyo kwa kina. Mafundi hao hawakubishana tanuru lipi ni bora. Kila hatua ilikuwa na tanuru lake.

Hekima hiyo inamfaa kijana wa Sumbawanga anayeandika programu na kutaka kujifunza uigaji wa viwanda, yaani kukijaribu kiwanda ndani ya kompyuta kabla ya kukigharamia. Baadhi ya aina zake zinajibu maswali tofauti. Anayeuliza jinsi hewa na joto vinavyopanda ndani ya ilungu anahitaji uigaji wa kifizikia. Anayeuliza kama misitu itahimili mahitaji ya makaa kwa miaka 30 anahitaji uigaji wa mienendo ya mfumo, ambao Jay Forrester wa MIT aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1961. Anayeuliza wabebaji wangapi watoshe ili tanuru lisisubiri mawe ya chuma anahitaji uigaji wa matukio, ambao kiini chake ni foleni.

Kwa maoni yangu, aanze na huu wa mwisho, kwa sababu mbili. Kwanza, uchumi wa Rukwa ni wa mahindi, na mahindi hupanga foleni: kwenye mashine za kusaga, na kwenye mizani ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula msimu wa ununuzi. Pili, ni elimu iliyo jirani na anayoijua tayari. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula huko Oslo katika miaka ya 1960 ili kuiga matukio. Toleo la mwaka 1967 ndilo lililozaa dhana ya madaraja na vitu ambayo leo imo katika Java na C++.

Lakini Nygaard hakuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwei, ili wafanyakazi waweze kuihoji mifumo ya kompyuta iliyoletwa viwandani mwao. Uigaji huhesabu kile tu ambacho mwandishi wake ameamua kukihesabu. Programu inayohesabu gharama ya mizani iliyokaa bure, lakini haihesabu usiku ambao mkulima amelala juu ya magunia yake akisubiri zamu, itashauri daima kwamba mizani ipunguzwe. Itaitwa ushauri wa kitaalamu, na mtumishi wa umma atautia sahihi. Kwa hiyo, kijana akishachagua aina ya uigaji, abaki na swali moja zaidi: ni muda wa nani unaohesabiwa?