Azimio la Musoma na ngazi za Mlimani: sera ya chuo hupitishwa na nani?



Naandika kutoka Tianxiu Dasha, lile jengo refu la Barabara ya Huanshi Mashariki ambalo kila mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefika Guangzhou analijua. Watu wamepungua sana kuliko miaka ile ya 2008, hasa baada ya korona, lakini Kiswahili bado unakisikia ndani ya lifti. Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya mizigo ya rafiki yangu, akaingia kijana wetu mmoja anayesomea uzamili hapa mjini. Akanipa shikamoo, halafu akauliza: "Mwalimu, hivi kwetu sera za chuo kikuu huwa anapitisha nani?" Kabla sijafungua mdomo, dada mmoja aliyekuwa anapimiwa marobota yake akajibu, "Si Rais!" Watu wakacheka. Nami nilicheka, ila nikaona dada huyu ameshika nusu ya historia, na hiyo nusu ndiyo nataka tuiangalie.

Kwenye karatasi jibu ni jepesi. Rasimu huanzia idarani au kwenye kamati ndogo, ikaenda bodi ya kitivo, ikapita kamati za Seneti, ikafika Seneti yenyewe, na mwisho Baraza la Chuo. Seneti ina sauti kubwa kwenye mambo ya taaluma: mitaala, mitihani, sifa za kuingilia. Baraza ndilo lenye fedha, mali na ajira. Waliowahi kukaa vikao hivyo wanajua adha yake. Rasimu inarudishwa kwa ajili ya neno moja, akidi haijatimia, mara muhula umekwisha. Karatasi moja inaweza kumaliza mwaka mzima njiani.

Sasa tazameni sera zilizoigeuza Mlimani zilivyopatikana.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga sharti la Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akajikata mshahara wake asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Miezi michache baadaye, Machi 1967, Azimio la Arusha likiwa bado bichi, ukaitishwa mkutano kuhusu wajibu wa chuo katika Tanzania ya kijamaa. Huo naupa heshima yake, kwa sababu angalau watu walikaa wakabishana chuo kifundishe nini na kwa faida ya nani.

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimeshavunjwa, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kila kimoja kikashika njia yake. Kwa Dar es Salaam, Rais akawa Mkuu wa Chuo, na Makamu wa kwanza akawa Pius Msekwa, aliyetoka moja kwa moja kwenye ukatibu mtendaji wa TANU. Novemba mwaka huohuo chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, kikapigwa marufuku pamoja na jarida lake, Cheche. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, akafukuzwa na kusafirishwa kwao chini ya ulinzi wa askari wenye silaha, na wenzake wakagoma kuingia darasani. Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba silaha ya wanafunzi ilikuwa Mwongozo wa TANU wenyewe, uliotoka mwanzoni mwa mwaka ule, na ile ibara ya 15 inayowakataza viongozi kuwa na majivuno na kudharau watu.

Lakini mfano ninaouona mzito kuliko yote ni Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa pale ikaamua kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Aende jeshini, kisha afanye kazi si chini ya miaka miwili, halafu alete mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la Chama. Sifa za kuingilia, jamani! Hilo ndilo jambo la Seneti kuliko jambo lolote. Seneti ikabaki kutafuta namna ya kutekeleza.

Nia siidharau. Kumtaka msomi aonje kazi kabla hajajiona bwana mkubwa si wazo baya. Tatizo ni maswali ambayo mtu wa bodi ya kitivo angeyauliza siku ya kwanza. Msichana wa miaka 20 akiambiwa angoje, miaka hiyo ndiyo ya kuolewa na kuzaa, atarudi? Wengi hawakurudi. Idadi ya wanawake ikashuka, na haikupita miaka mingi ikabidi wao waondolewe sharti. Kufika katikati ya miaka ya 80 sharti lenyewe likafutwa kwa wote. Wale waliokosa nafasi katikati hapo hakuna aliyewafidia.

Kijana wetu alinibishia. Akasema mbona hapa China Chama kiko ndani ya kila chuo na mambo yanakwenda? Kweli. Sheria ya elimu ya juu ya 1998 inasema wazi kwamba mkuu wa chuo anafanya kazi chini ya uongozi wa kamati ya Chama. Hata kanuni za kuandika katiba za vyuo, zilizoanza Januari 2012, zimepanga ngazi: rasimu ijadiliwe na mkutano wa wawakilishi wa walimu na wafanyakazi, ipite kikao cha mkuu wa chuo, ipitishwe na kamati ya Chama, ndipo iende serikalini kuidhinishwa. Mimi sisifu mpango huo. Ila nilimwonyesha tofauti: hapa Chama kina ngazi yake imeandikwa, na mwalimu anajua rasimu itamfikia lini. Mlimani ya 1974 ngazi zote zilikuwapo, lakini uamuzi haukupanda hata moja; ulishuka tu.

Siku hizi kuna Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 na Hati Idhini ya 2007, na Rais aliye madarakani hakalii tena kiti cha Mkuu wa Chuo, ingawa ndiye anayemteua. Kikwete alipewa kiti hicho 2016 akiwa amekwisha kustaafu.

Najua humu wamo walioingia Mlimani kati ya 1975 na 1984. Tawi la Chama liliwauliza nini kabla ya kuwaandikia ile barua? Na dada zetu mliongojeshwa, hebu semeni.