Daftari Liko Mikononi mwa Nani? Kutoka Kipande cha Mashambani hadi Tokeni za Bure

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Karatu, alinijia ofisini baada ya kipindi. Yeye na wenzake walikuwa wamebuni mpango wa kugawa tokeni za kripto kwa wakazi wa Oldeani: vibarua wa mashamba ya kahawa, vijana wanaowaongoza watalii, na akina mama wanaouza vitunguu vya Mang'ola. Kila kaya ingepewa pia NFT moja, yaani picha ya Mlima Oldeani yenye namba yake ya pekee. "Mwalimu," alisema, "sisi tunataka kutoa tu, hatutaki kuchukua chochote. Tuanzie wapi?" Nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa historia, na kwa mtazamo wangu jambo hilo linaanzia mwaka 1907. Alicheka. Makala haya ni jibu nililomwahidi.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Eadropu, kama waiitavyo wenyewe, ni kuwamwagia watu tokeni bila malipo. Mtoaji huandaa orodha ya pochi za kidijitali, huweka vigezo vya anayestahili, hupanga siku ambayo orodha itafungwa, kisha programu iliyoandikwa mapema hugawa kila fungu kwa mwenyewe. Mwaka 2020 soko la kripto liitwalo Uniswap liligawa tokeni 400 kwa kila anwani iliyokuwa imewahi kulitumia, na tangu hapo mtindo huo umeigwa duniani kote. NFT nayo ni tokeni isiyokuwa na pacha. Ni kama hati kuliko sarafu. Kwa upande wa ufundi, kazi hii si ngumu. Ugumu umo katika maswali matatu ambayo kompyuta haiyajibu: nani anaandika orodha, mpokeaji anatoa nini ili aandikwe, na kitu alichopewa kitapokelewa wapi. Maswali hayo ni ya kale kuliko intaneti.

Tuanze na hilo la mwisho. Wafanyabiashara wa misafara ya karne ya 19 walijua kwamba ushanga ulikuwa fedha mahali ulipopendwa tu. Msafara uliobeba rangi iliyokwisha kuchujuka machoni mwa wenyeji ungeweza kufika bara ukiwa na mizigo mizima isiyonunua hata kibaba cha nafaka. Aliyepanga bei ya ushanga hakuwa mleta mzigo peke yake. Mama wa kijijini aliyesema "rangi hii hatuitaki" naye alikuwa mwamuzi.

Utawala wa Kijerumani ulibadili uwiano huo. Kodi ya nyumba ya mwaka 1897 ilimlazimu mwananchi atafute rupia, na rupia ilipatikana kwa wachache. Kodi pekee haikutosha kuwapatia walowezi vibarua, na ndipo mwaka 1907, huko Usambara, ilipoletwa kadi ya kazi. Mwanamume mzima alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na kadi ndiyo iliyokuwa ushahidi. Kadi ya siku 30, ambayo wenyewe tuliiita kipande, ilidumu hata baada ya Wajerumani kushindwa vita, na chini ya Waingereza ikawa mfumo wa kawaida wa ajira za mashamba makubwa ya Tanganyika.

Hapa ndipo Oldeani inapoingia. Mlima huu, ambao jina lake latokana na neno la Kimaasai la mianzi, una miteremko yenye udongo wa volkano na mvua ya kutosha. Waingereza walipowaruhusu Wajerumani kurejea Tanganyika katikati ya miaka ya 1920, Oldeani ikawa mojawapo ya makazi yao makubwa kaskazini, na kahawa ikaenea chini ya msitu. Vibarua walitoka mbali, wengine Singida, wengine Kondoa. Mwaka 1939 vita vilipozuka walowezi hao walizuiliwa na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Wenye mali walibadilika kwa siku chache. Kazi ya kibarua haikubadilika.

Msomaji na akitazame kipande kwa jicho la leo. Kila siku ya kazi ilitiwa alama katika mraba wake, na mshahara ulilipwa miraba 30 ilipojaa. Siku ambayo msimamizi hakuitia alama ilikuwa kama haikufanyiwa kazi, hata kama mgongo wa kibarua uliijua vizuri. Kadi ilikaa mfukoni mwa mfanyakazi, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine. Nchini Kenya, tangu mwaka 1919 na 1920, kipande kilichukua pia alama za vidole, na wanaume walikivaa shingoni ndani ya kopo la chuma. Chuki ya kipande hicho ni miongoni mwa mambo yaliyomwinua Harry Thuku mwaka 1921.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia yetu inaongeza sentensi ya pili: hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa daftari hulishiki wewe.

Juu ya Oldeani, ng'ambo ya lango la hifadhi, ushahidi ni mzito zaidi. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia dole gumba kwenye waraka wa kukubali kuihama Serengeti ya magharibi. Ahadi walizopewa kuhusu maisha ya Ngorongoro, iliyotengwa kuwa hifadhi ya kipekee mwaka 1959, zimekuwa chanzo cha mabishano hadi leo. Waraka ulikuwa wa Kiingereza na wa sheria. Kijana wa leo anayebonyeza "Nakubali" chini ya masharti marefu ambayo hakuyasoma asiwacheke wazee wale. Tena Agosti 2024, kwa Tangazo la Serikali Namba 673, kata 11 na vijiji 25 vya Ngorongoro viliondolewa katika orodha ya maeneo ya utawala. Wananchi walijitokeza barabarani kwa maelfu, na Mahakama Kuu ya Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Mtu wa tarafa hiyo hahitaji kufundishwa maana ya kuwamo au kutokuwamo katika orodha.

Sasa tuzitazame eadropu zenyewe. Mwaka 2014 nchini Iceland ilizuka sarafu iitwayo Auroracoin. Kila raia aliruhusiwa kudai fungu lake, sarafu 31.8, kwa kutumia namba yake ya utambulisho. Orodha ilikuwa safi na mgawo ulikuwa sawa kwa wote. Hata hivyo hapakuwa na duka la maana lililozipokea. Wengi waliopokea waliuza, na thamani ikaporomoka ndani ya wiki chache. Ushanga ulikuwa wa rangi isiyotakiwa.

Nairobi, mwaka 2023, swali lilikuwa lile la kipande. Mradi wa Worldcoin uliwapa watu tokeni 25, zilizokadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 7,000 za Kenya, kwa sharti la kuingiza picha ya mboni ya jicho katika kifaa chake. Foleni katika jumba la KICC zilikuwa ndefu hata Wizara ya Mambo ya Ndani ikausimamisha mradi tarehe 2 Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo za miili zifutwe. Ni rahisi kuwalaumu waliopanga foleni, na mimi sitawalaumu. Kwa mtu asiye na uhakika wa chakula cha jioni, shilingi 7,000 ni hoja nzito. Wa kulaumiwa ni yule anayeupanga uhitaji huo kuwa sehemu ya hesabu zake, kama kodi ya nyumba ilivyopangwa. Miaka mia moja baada ya vidole, likaja jicho.

Mfano wa tatu unatia moyo. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati walizoziita Bangla-Pesa. Kila mwanachama alidhaminiwa na wenzake kabla ya kupewa, na wote waliahidi kuzipokea: muuza maji, fundi cherehani, mwenye bodaboda. Hati zile ziliwawezesha kuuziana siku ambazo shilingi zimeadimika. Dola ilishtuka; mwanzilishi, Will Ruddick, na wenzake walikamatwa na kushtakiwa, kisha mashtaka yakaondolewa Agosti mwaka huohuo. Baadaye mpango huo ulihamia kwenye blokicheni kwa jina la Sarafu, na wakati wa Uviko wa 2020 wakazi wa Mukuru, Nairobi, waliutumia kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa Kenya. Nao ulikuwa na kasoro zake. Fungu la bure la kujiandikisha huwavuta pia wasiokuwa na nia ya kufanya biashara na yeyote. Lakini msingi wake ulikuwa ahadi za majirani wanaofahamiana, na hapo ndipo ulipotofautiana na ile mingine.

Jirani ya Oldeani, katika Bonde la Yaeda, upo mfano ambao wanafunzi wangu huushangaa, kwa kuwa hauna kripto ndani yake. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi yao, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team. Juu ya hati hiyo ulijengwa mradi wa kaboni na kampuni ya Carbon Tanzania: msitu unalindwa, vyeti vya hewa ukaa vinatolewa, kila kimoja na namba yake katika rejista, na mapato yanafikia vijiji. Cheti hicho ni jamaa wa karibu wa NFT. Ila mpangilio ni tofauti: ardhi kwanza, hati ya pamoja ikafuata, na cheti cha kuuza kikaja mwisho. Jamii inaingia mezani kama mwenye mali. Bado lipo swali halali kuhusu nani anaweka bei na nani anashika rejista, nami nawahimiza wanaharakati waendelee kuliuliza. Lakini linaulizwa na watu wenye hati mkononi.

Kwa hiyo, kijana wangu, haya ndiyo ninayokushauri. Anza na sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu za kripto hazitambuliki nchini na kwamba shilingi pekee ndiyo fedha halali. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko haya. Na mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kutozwa kodi si kuhalalishwa, basi mtu asiwaambie wazee kwamba tokeni yenu ni pesa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inawahusu tangu mtakapoandika jina la kwanza.

Kisha nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla hujafungua kompyuta. Orodha isomwe hadharani, kwa Kiswahili, na kwa Kiiraqw pale inapobidi, na asiye na simu ya kisasa asikosekane. Kusiwe na jicho wala kidole kinachotolewa. Tokeni zisigawiwe kabla hawajapatikana watu walioahidi kuzipokea: mwenye mashine ya kusaga, mwenye duka la pembejeo, dereva wa Noah ya kwenda Karatu mjini. Fungu mnalojibakishia ninyi waanzilishi litajwe mbele ya wote, kwa namba. Na picha ya mlima ikiuzwa, mkutano uwe umekwisha kuamua mapato yanakwenda wapi.

Maofisa watendaji wanaosoma hapa nawaomba wasikimbilie kuwaita polisi, kama ilivyofanyika Mombasa, wala wasipige mhuri kwa kuwa tu wageni wameleta kompyuta. Waombe kuliona daftari.

Mwanafunzi alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwa mpango huo itawachukua mwaka mzima kabla ya kugawa tokeni hata moja. Nilimwambia kwamba vibarua waliojaza kipande kwenye mashamba haya walikuwa na subira ndefu kuliko hiyo, na hakuna aliyewauliza. Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe: ameomba nafasi katika mkutano wa kijiji, na mwenyekiti amemtaka alete kwanza maelezo kwa maandishi.