Ufa Usiozibika: Ardhi ya Maziwa Makuu na Usahaulifu Wetu

Tarehe 13 Desemba 1910, ardhi ya Ufipa na nyanda za Rukwa, katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, ilitikiswa na tetemeko linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyopata kunaswa na vipimo vya kisayansi barani Afrika, na wanajiolojia kadhaa wanalihusisha na ufa wa Kanda, unaopita jirani na Sumbawanga. Hata hivyo, ni nadra kulikuta katika historia tunayoisomesha. Tunaeleza Vita vya Maji Maji, kisha tunaruka hadi Vita Kuu ya 1914, kana kwamba katikati hapo ardhi ilikuwa imetulia.

Yapo maelezo ya ukimya huo. Watu walikuwa wachache, na wengi wao waliishi katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa nyasi. Nyumba ya namna hiyo huyumba pamoja na ardhi, na hata ikianguka, uzito wake si wa kumfukia mtu. Hali haikutofautiana sana huko Subukia, kaskazini mwa Nakuru, tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la 6.9 lilipopasua uso wa ardhi kwa urefu wa takriban kilomita 38 kando ya mashamba ya walowezi. Mwanajiolojia Mmarekani Bailey Willis, aliyezuru Afrika Mashariki mwaka uliofuata, aliueleza mpasuko huo katika kitabu chake cha 1936. Umma wetu, kwa upande wake, haukubaki na kumbukumbu ya kudumu.

Chanzo cha matukio hayo hakijakoma. Bamba la Nubia na lile la Somalia yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Miamba haitelezi kwa ulaini. Hushikana, ikalimbikiza mkazo kwa miongo au karne, kisha huachia kwa sekunde chache. Kwa hiyo kimya cha vizazi vitatu si ushahidi kwamba ufa umekufa. Huenda kikawa ndicho kipindi cha kujilimbikiza kwake.

Kilichobadilika ni sisi. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, Bukoba na vitongoji vyake vilipigwa na tetemeko la 5.9. Kwa hesabu ya nishati, lile la 1910 lilikuwa kubwa kulilo kwa takriban mara 180. Tena lilianzia kina cha kilomita 40 hivi, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, nje ya bonde lenyewe. Lakini watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikalazimika kufungwa na kujengwa upya. Miaka minane kabla ya hapo, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa uleule lilikuwa limeua makumi ya watu huko Bukavu na ng'ambo ya mpaka, Rusizi. Kuta za matofali yasiyofungwa kwa nondo zilikuwa zimechukua nafasi ya fito.

Hapa ndipo mjadala unapotugusa tunaoishi mbali. Nyumba nyingi katika nchi za Maziwa Makuu zimejengwa kwa fedha zinazotumwa kutoka Muscat, London au Minneapolis. Tunauliza bei ya vigae na rangi ya geti. Ni wachache wanaomwuliza fundi kama mkanda wa zege umezunguka kuta zote, kama nondo za nguzo zimeungana na za msingi, na kama paa limefungwa barabara. Kenya ilikwishatoa mwongozo wa ujenzi unaohusu matetemeko tangu 1973. Maarifa yapo, ila hayafiki kwa mwenye kulipia matofali.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu, wa kutoka Afar hadi Msumbiji, hauzibiki. Basi wajibu uliobaki ni kuujenga ukuta vizuri, na kuziingiza 1910 na 1928 katika vitabu vya watoto wetu, ili anayejenga Sumbawanga au Nakuru ajue anajenga juu ya nini.